Safari ya pikipiki Imatong: Hesabu zianzie Munuki, si mlimani

MVUA zinapokatika na barabara kuanza kukauka, mazungumzo ya vijiwe vya boda boda hapa Munuki hubadilika. Vijana waliokuwa wakilalamikia matope na madimbwi huanza kuulizana mambo mengine: nani anaijua njia ya Torit, nani ana ndugu Katire, na je, kweli pikipiki ya kawaida inaweza kupanda hadi Gilo?

Swali hilo si la mzaha. Milima ya Imatong iko Equatoria Mashariki, karibu na mpaka wa Uganda, na ndiyo yenye kilele kirefu kuliko vyote nchini, Kinyeti, chenye mita 3,187. Ni milima ya misitu, mito na baridi. Mwenye pikipiki nzima na barabara kavu huifikia kwa safari ya siku mbili kutoka katika joto la Juba. Hata hivyo, wakazi wengi wa mji huu hawajawahi kuiona.

Kwa sisi tuliorejea nyumbani, jambo hilo lina uzito wake. Mimi nilisoma ukimbizini, nchini Kenya. Katika somo la jiografia tulichora Mlima Kenya na kukariri urefu wake, mita 5,199. Kilimanjaro tuliijua hadi theluji yake. Kinyeti hatukuisikia darasani, kwa kuwa walimu wetu walifundisha nchi yao, kama ilivyo haki yao. Sasa ninafundisha watoto wa nchi hii, na wengi wao mlima mkubwa wanaoujua ni Jebel Kujur, ule unaoonekana magharibi mwa mji, ambako akina mama na vijana hupasua mawe kwa nyundo ili wapate chakula cha siku.

Ndiyo maana wenzangu saba waliponialika kupanga safari ya pamoja ya pikipiki kwenda Imatong, nilikubali kukaa nao chini ya mwembe kila Jumapili alasiri. Kundi halina jina, katiba wala muhuri. Wamo waendesha boda boda watatu, fundi mmoja, wafanyabiashara wawili wanaokwenda Elegu kuchukua bidhaa, na mama mmoja mwenye pikipiki ambaye yeye mwenyewe haendeshi. Haya ninayoyaandika ni yale tuliyojadili, na ninaamini yatamfaa yeyote anayefikiria safari kama hiyo, awe wa Juba, Yei au Nimule.

Pikipiki ni ya nani?

Watu wengi wangedhani swali la kwanza ni njia. Kwetu halikuwa hilo. Swali la kwanza lilikuwa: pikipiki itakayopanda mlima ni ya nani, na ikivunjika nani atalipa?

Yule mama aliinunua pikipiki yake kwa fedha za sanduku, ule mchezo wa kuchangiana na kupokezana zamu ambao akina mama wa Juba wanauendesha kwa uaminifu kuliko benki. Kijana anaiendesha, na kila jioni anamletea hesabu yake. Kijana huyo alipoomba ruhusa ya siku tano za mlimani, mama alisikiliza hadi mwisho, kisha akanigeukia mimi.

"Mwalimu," aliuliza, "hii pikipiki ikibaki huko, watoto wangu watakula mlima?"

Hakuna aliyecheka. Pikipiki nyingi za mji huu, iwe Senke, Boxer au TVS, ndizo zinazolisha watoto na kulipa karo. Ulaya na Marekani mtu hununua pikipiki ya milimani kwa ajili ya kujifurahisha, akaiweka ghalani wiki nzima. Hapa mashine inayotakiwa kupanda Gilo siku ya Alhamisi ndiyo inayotakiwa kubeba abiria wa soko la Konyokonyo siku ya Jumatatu.

Tulikubaliana mambo matatu kabla ya kugusa ramani. Kwanza, kila mwenye pikipiki, kama si mwendeshaji, aridhie kwa mdomo wake mbele ya kundi zima. Pili, mapato ya siku zitakazopotea yahesabiwe kuwa sehemu ya gharama za safari, na kijana aanze kuyaweka akiba miezi miwili kabla. Tatu, uwepo mfuko wa matengenezo ambao kila mmoja anachangia sawa, na ambao haufunguliwi kwa soda wala nyama.

Fedha yenyewe ina tabu yake. Pauni yetu hupoteza thamani haraka kiasi kwamba mchango uliotosha mwezi Oktoba hautoshi mwezi Januari. Kwa hiyo daftari letu haliandiki pauni. Linaandika lita za petroli, idadi ya tyubu na kilo za unga. Atakayechanga mapema ananunua kitu na kukikabidhi. Mbinu hii wafanyabiashara wa mpakani wanaijua siku nyingi: bidhaa haishuki thamani ikiwa stoo.

Wafanyabiashara wetu wawili walileta hoja nyingine. Kwa nini waende mikono mitupu, wakati wangeweza kubeba chumvi, sabuni na betri za tochi za kuuza njiani? Hoja ina mantiki, lakini kundi liliikataa. Mzigo wa kilo 60 nyuma ya pikipiki hubadilisha kila kitu: breki, tairi, mafuta na mwendo wa wenzako wote. Aidha, mwenye bidhaa huwa na haraka yake, na mzigo wake humvutia mwenye nia mbaya. Safari ya biashara iwe ya biashara, na ya matembezi iwe ya matembezi.

Msimu una pande mbili

Katika sehemu hii ya nchi mvua huanza takriban Aprili na kuendelea hadi Oktoba au Novemba. Milimani hunyesha zaidi kuliko Juba. Njia ya udongo ikilowa, hata gari la magurudumu manne hukwama, na khor iliyokuwa kavu asubuhi huweza kujaa maji ya kifuani ifikapo jioni. Kwa hiyo Desemba hadi Februari ndio wakati wa kwenda. Kwa sisi walimu, likizo ya shule inaangukia humo humo.

Lakini kiangazi nacho kina yake. Ndio msimu wa kuchoma nyika, na moshi unaweza kufunga njia. Ndio msimu wa mifugo kuhamishwa kutafuta malisho na maji, na penye mifugo mingi hapa kwetu mara nyingi pana bunduki na ugomvi. Msafiri anayesema tu "barabara ni kavu, twende" amesoma nusu ya kalenda.

Njia tuliyoichagua inavuka Nile, ambapo tangu Mei 2022 kuna Daraja la Uhuru lililojengwa kwa msaada wa Japani, kisha inashika njia ya Torit kupitia Ngangala na Liria. Hadi Torit ni takriban kilomita 135. Kutoka hapo mnageukia kusini, kuelekea Katire chini ya mlima, ndipo mnapanda Gilo. Asiyewahi kuipita njia hiyo asiifananishe na ile ya Nimule, yenye kilomita 192 za lami, iliyofunguliwa mwaka 2012. Kwenye lami unahesabu saa. Kwenye vumbi na mawe unahesabu siku.

Hata lami haiokoi maisha peke yake. Agosti 2021, masista wawili wa shirika la Moyo Mtakatifu waliuawa katika barabara hiyo hiyo ya Nimule, basi lao liliposhambuliwa wakirejea Juba kutoka jubilei ya miaka 100 ya parokia ya Loa. Wafanyabiashara wanaosoma makala hii hawahitaji kukumbushwa. Wengi wao wamewahi kupiga simu Nimule alfajiri kuuliza "njia ikoje leo?" kabla ya kuwasha injini.

Tabia hiyo ndiyo tuliyoiazima. Mwaka 2025 usalama ulizorota tena katika maeneo mbalimbali ya nchi, na habari ya wiki iliyopita si habari. Kundi letu limepanga kuuliza sehemu tatu, siku moja kabla na asubuhi ya safari: madereva waliofika Juba jana yake kutoka Torit, mtu wa Torit mwenyewe, na mamlaka za huko. Majibu yakitofautiana, tunalifuata lile baya zaidi.

Hesabu ya mafuta na vyuma

Kwenda na kurudi, pamoja na mizunguko midogo, tumepanga kwa kilomita zisizopungua 400. Kila mwendeshaji alitakiwa kupima pikipiki yake: jaza tangi, zunguka kilomita 60 ukiwa na mzigo, jaza tena, andika. Ikiwa lita moja inakupeleka kilomita 30, utahitaji lita 13 na ushee. Ongeza theluthi moja kwa ajili ya mlima, matope na kupotea, unapata karibu lita 18. Tangi la Boxer linabeba kama lita 11. Kinachobaki kinaingia kwenye jerikeni, au kinanunuliwa Torit kama kipo. Neno la kuzingatia hapo ni "kama". Petroli ya chupa ya barabarani ichujwe kwa kitambaa safi, maana maji na mchanga ndani ya kabureta vitakulaza porini.

Fundi wetu, ambaye hupenda maneno machache, aliandika orodha yake kwenye kipande cha boksi. Tyubu mbili kwa kila ukubwa wa tairi. Viraka na gundi. Pampu ya mkono. Vyuma vya kutolea tairi. Plagi, waya wa klachi, waya wa mafuta, kiungio cha cheni, balbu, fyuzi, waya wa kufungia na lita moja ya oili. Spana za saizi zinazotumika kwenye pikipiki zote. Kisha akatoa ushauri uliookoa nusu ya gharama: kundi liende na pikipiki za aina moja au mbili tu. Mkiwa na aina saba, mtabeba vipuri vya aina saba.

Matairi ya mjini yaliyokwisha meno yabaki mjini. Cheni na sproketi zibadilishwe wiki mbili kabla, si siku ya kuondoka, ili kasoro ionekane ukiwa bado karibu na duka.

Kulia, si kushoto

Jambo hili ni dogo kwenye karatasi, ila ni kubwa barabarani. Wengi wetu tulijifunzia pikipiki Uganda au Kenya, ambako watu huendesha upande wa kushoto. Sudan Kusini tunaendesha kulia. Mjini msururu wa magari hukukumbusha. Kwenye njia tupu ya mlimani, ukiwa umechoka na gari likatokeza ghafla kwenye kona, mkono hurudi kwenye mazoea ya zamani. Wafanyabiashara wanaovuka Elegu kila wiki wako hatarini zaidi, kwa sababu wao hubadilisha upande kila mara. Tumekubaliana mwendeshaji wa mbele apige honi kila kona isiyoonekana, na kila mtu abaki kulia hata kama njia nzuri iko katikati.

Mwendo nao una kanuni zake. Mzoefu mmoja yuko mbele na hapitwi na mtu. Mgeni wa njia anashika nafasi ya pili, ili yeye ndiye apange kasi ya wote. Fundi yuko mwisho na mfuko wa spana. Kati ya pikipiki na pikipiki acheni nafasi ya vumbi kutulia. Penye njia panda kila mmoja anasimama hadi amwone wa nyuma yake. Tunaanza saa 12 asubuhi, na ifikapo saa 9 alasiri tunatafuta pa kulala, tumefika au hatujafika. Usiku si wa kusafiri.

Mlima hupunguza nguvu

Juba iko chini ya mita 600 kutoka usawa wa bahari. Gilo iko juu zaidi ya mara tatu ya hapo. Hewa huwa nyepesi kadiri unavyopanda, na injini ya kabureta hupoteza takriban sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000. Dereva wa Juba akiona pikipiki inakohoa na kutoa moshi mweusi, hudhani imekufa. Kumbe inapewa petroli nyingi kuliko hewa. Shusha gia, punguza mzigo, safisha chujio la hewa, nenda taratibu.

Hatari zaidi ni kushuka. Breki za ngoma zikibanwa kilomita nzima hupata moto na kuacha kushika. Shuka na gia ile ile ambayo ungepandia, injini ndiyo ikuzuie, breki isaidie tu. Mwenye mazoea ya kuzima injini mteremkoni ili kuokoa mafuta asije nasi.

Baridi pia isidharauliwe. Kila mita 1,000 joto hupungua kwa nyuzi takriban sita. Koti, soksi na blanketi si mapambo huko. Kilele cha Kinyeti chenyewe hakipandwi kwa pikipiki. Ni safari nyingine, ya miguu na ya mwenyeji anayeijua njia.

Usitoke kwenye njia

Milima hiyo imeona vita vingi. Torit ndiko yalikoanza maasi ya Agosti 18, 1955. Si mbali na Imatong, Owiny-ki-Bul, ndiko Joseph Lagu alikoweka makao makuu ya Anya-Nya. Mwaka 2002 waasi wa LRA walijificha katika milima hii baada ya jeshi la Uganda kuvuka mpaka kuwafuata. Katikati ya hayo yote kulikuwa na vita virefu vilivyomalizwa kwa mkataba wa Januari 2005, vilivyowafanya watu wa maeneo hayo kukimbilia Uganda na Kenya.

Vita huondoka na kuacha vyuma ardhini. Equatoria Mashariki ni miongoni mwa sehemu zilizotegwa mabomu ya ardhini. Darasani tunawafundisha watoto kutambua alama: alama nyekundu yenye fuvu ni hatari, na jiwe lililopakwa rangi, upande mwekundu ni hatari, upande mweupe ndio uliosafishwa. Mtu mzima mwenye pikipiki anahitaji somo lile lile. Usikate njia ya mkato iliyoota nyasi. Usiokote chuma. Hata haja ndogo, fanya kando ya njia iliyokanyagwa. Katika matembezi ya pikipiki za milimani kwingineko duniani, raha ni kuacha barabara. Kwetu, akili ni kubaki juu yake.

Wala usitegemee ambulansi. Kila mtu avae helmeti, iliyofungwa kidevuni, si ya kuning'iniza mkononi. Wawili kati yetu wamejifunza kuzuia damu na kufunga mfupa uliovunjika. Simu hupoteza mtandao nje ya miji, hivyo mtu mmoja anabaki Munuki na karatasi yenye majina, njia na saa ya kupiga simu. Saa ikipita na simu haijaja, anajua aanze kumwita nani.

Wenyeji kwanza

Katire na Gilo si pori lisilo na watu. Katire ilikuwa na kiwanda cha mbao, na miteremko ya Gilo ilipandwa misindano na misonobari tangu enzi za mkoloni. Kote huko kuna vijiji, mashamba na mamlaka zake. Miongoni mwa Waotuho na majirani zao, rika la monyomiji ndilo lenye dhamana ya kijiji. Kundi la vijana wa mjini likiingia kwa kelele za injini bila salamu, litatafsiriwa vibaya, na si ajabu, kwa waliyoyaona wale watu.

Kwa hiyo simameni, zimeni injini, vueni helmeti ili nyuso zionekane, ombeni kuonana na chifu na monyomiji. Kiarabu cha Juba kitatosha, na anayejua neno la wenyeji ataheshimiwa zaidi. Bebeni vitambulisho, leseni na karatasi za pikipiki, hasa zenye namba za Uganda. Kamera zibaki mfukoni hadi mpate ruhusa. Karibu na kambi, daraja au kizuizi zisitoke kabisa. Kila mnachokula kilipwe. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Nani ana neno la mwisho?

Katika vikao vyote, hapa ndipo pameleta mabishano makali zaidi. Kundi lisilo rasmi halina mwenyekiti wa kuamuru. Vijana walitaka kura: walio wengi wakisema twende, twende. Fundi alikataa. Alisema pikipiki moja iliyoharibika husimamisha zote, hivyo neno la mmoja lazima lisimamishe wote.

Hatimaye tumekubali kanuni hii. Yeyote, hata mdogo kuliko wote, akisema "turudi", tunarudi, na hakuna wa kumwita mwoga mbele yake wala nyuma yake. Kusonga mbele kunahitaji sauti zote. Kurudi kunahitaji moja. Mama mwenye pikipiki aliposikia hilo ndipo alipotoa ruhusa, kwa sharti lake mwenyewe: kwanza wajipime karibu.

Ndivyo itakavyokuwa. Kabla ya Torit, kundi litafanya mazoezi ya Jumamosi mbili chini ya Jebel Kujur, kwa mzigo kamili, pamoja na kubadilisha tyubu kwenye jua la mchana bila msaada wa fundi. Atakayeshindwa hapo, ambapo nyumbani ni karibu na maji yanapatikana, ataachwa kwa heshima.

Wapo watakaosema nchi ina matatizo makubwa kuliko matembezi ya milimani. Ni kweli. Lakini nchi ambayo watu wake wanaijua kwa njia ya kukimbia tu, bado hawajaimiliki. Wengi wetu tumeyapita maeneo haya usiku, tukiwa watoto, tukiongozwa kwa mkono. Kuyapita mchana, kwa mpango, tukijua majina ya vijiji na kuwasalimu wenye navyo, si anasa.

Tarehe bado haijaandikwa kwenye daftari. Itaandikwa njia itakaporuhusu, na isiporuhusu mwaka huu, tyubu na oili vitakaa kwenye boksi la fundi hadi kiangazi kijacho.